Nyanya alizima filamu kabla nyanya wa kwenye filamu hajafika

Asalaam aleikum Somo, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 16, niko kidato cha tatu, naishi mtaa wa Mkomani hapa Amu, yaani Lamu, na nyanya yangu mzaa mama. Mama yuko Mombasa kikazi. Baba ni mtu wa bahari, leo yuko kesho hayuko. Nakuandikia kwa simu ya mtu, kwa sababu yangu imo ndani ya kasha la Nyanya na ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso. Nitakueleza ilivyofika huko.

Somo, mimi napenda filamu za wasichana wanaokua. Sizungumzii za mapenzi wala za ngumi. Nazungumzia zile ambazo mwanzoni msichana ni mtoto, mwishoni si mtoto tena, na katikati limemtokea jambo ambalo mtu akilisimuliwa ataona ni dogo. Binamu yangu huniletea kwenye flashi akitoka Mombasa. Nina daftari: mbele ni hesabu, nyuma ni filamu. Nimefika ya 41. Sizipi nyota, nazipa samaki. Iliyo bora kabisa ni nguru mzima, ya kawaida ni changu, nzuri lakini yenye miiba ni tafi, na iliyonipotezea usingizi bure ni dagaa mmoja, tena wa jana.

Nimeona mambo matatu yanayonikera, na nataka kujua kama ni mimi tu.

La kwanza ni miwani. Msichana anavaa miwani na nywele amezibana, hakuna anayemtazama. Siku moja anaivua, anafungua nywele, anashuka ngazi, watu wote vinywa wazi. Mimi navaa miwani, Somo. Nikiivua sioni ngazi.

La pili ni mama. Katika filamu hizi mama ni ukuta. Kazi yake ni kupiga kelele jikoni ili msichana apate mlango wa kuubamiza. Halafu wote wana chumba chenye mlango! Mimi nalala na Nyanya na wadogo zangu wawili, nikitaka kulia napanda darini nikajifanye naanua nguo.

La tatu ndilo kubwa. Mwisho wa filamu, msichana anaondoka. Gari, basi, ndege, lakini lazima aondoke. Mji aliozaliwa unabaki nyuma ya kioo, unakuwa mdogo, muziki unapanda. Ndiyo maana Lady Bird nimempa tafi ingawa kila mtu anaisifu. Kugombana kwake na mama yake kote kule, kumbe ni kwa sababu ya kwenda New York. Mimi sitaki kuondoka Amu. Nataka kusoma, ndiyo, hata Mombasa nitakwenda, lakini nataka kurudi. Napenda kusikia punda wakipita alfajiri kabla ya adhana. Napenda kujulikana mimi ni wa nani. Nilipolisema hili mbele ya wenzangu, rafiki yangu wa chanda na pete, ambaye ana shangazi yake Nairobi na ameshajiona yuko huko, alicheka akasema, "Wewe si kwamba huupendi mwisho. Wewe waogopa." Hajaniomba msamaha mpaka leo na mimi sijamwambia kwamba liliniuma.

Iliyonipendeza kuliko zote ni Eighth Grade. Kuna pahali yule msichana anakwenda kwenye sherehe ya kuogelea nyumbani kwa mwenzake asiyempenda. Amevaa nguo ya kuogelea ya kijani, anasimama nyuma ya kioo cha mlango akiwatazama wenzake nje, na pumzi inamtoka vibaya. Mimi sijawahi kuvaa nguo ile wala sitaivaa, lakini mahali pale napajua. Ni mimi mwaka jana kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake, ya binti wa jirani, nimeazima gauni, nimechelewa, wanawake mia wamekaa, na mlango ni mmoja. Nguru mzima.

Sasa mkasa. Usiku wa Ijumaa wenzangu watatu huja kwetu tukatazama kwenye TV ya ukumbini, ile iliyo chini ya zidaka vya Nyanya, vishubaka vya ukutani vyenye mabakuli yake ya kale. Usiku huo Nyanya alikwenda kwenye hitima, kisomo cha marehemu. Tukaweka Turning Red, ya katuni, nikaona hiyo hata wadogo zangu wanaweza kukaa. Bahati mbaya hitima iliisha mapema. Nyanya aliingia, buibui bado kichwani, wakati uleule mama wa yule msichana amesimama nje ya darasa la mwanawe anapunga pakiti ya pedi na kupaza sauti kwamba amezisahau. Nyanya akauliza, "Ameshika nini yule?" Tukanyamaza. Mdogo wangu wa miaka 8 akajibu, "Pedi, Nyanya."

Alizima ukutani. Feni nayo ikazima. Akasema, "Mambo haya yana watu wake na yana wakati wake." Wenzangu wakatoka mmoja mmoja kama watu wa msibani. Simu na flashi zikaingia kashani, na Mama akapigiwa. Mama kasema hakuna filamu wala simu mpaka nimalize KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na hiyo ni mwakani.

Naomba unisaidie. Nitasema nini na Nyanya? Na je, ni kweli mimi ni mwoga?

Ni mimi,
Wa Daftari la Nyuma, Amu

*

Waaleikumu salaam, na marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya samaki. Nianze na Nyanya, maana ufunguo anao yeye.

Ulimsikia alichosema? Hakusema ni haramu, wala hakusema ni upuuzi wa Wazungu, na angeweza. Alisema yana watu wake na wakati wake. Hebu lishike neno hilo. Mimi kwenye ukurasa huu najiita Somo, na wasomaji wengi hudhani ni somo la darasani. Msichana wa zamani wa Amu alipovunja ungo, mama yake mzazi hakumkalisha chini akamweleza. Ilikuwa aibu, wote wawili wangetazama sakafu. Alikuwapo mwanamke mwingine, mtu mzima anayeaminika, huyo ndiye somo wake. Yeye ndiye aliyemfunza kujitunza, kujitahirisha, maneno ya kusema na ya kumeza, na baadaye mambo ya ndoa. Na binti akitawishwa, mlango wa nje ulikuwa haumjui tena mpaka aolewe. Nyanya yako amekulia kwa watu wa namna hiyo. Jambo lililokuwa likisemwa kwa kunong'ona, chumba cha ndani, na mtu mmoja aliyechaguliwa, amelikuta ukumbini kwake, kwa sauti ya juu, chini ya mabakuli yake, mbele ya mtoto wa miaka 8. Ameona TV imekaa kwenye kiti cha somo. Mimi mwenyewe ningezima, halafu ningejuta kwa sababu ya feni.

Kwa hiyo usiende kumwambia kwamba filamu ile haina ubaya. Hilo siyo alilokasirikia. Nenda siku anashona kofia, kwa sababu naamini anashona kama wenziwe wote wa rika lake, ukae chini karibu naye, umuulize: "Nyanya, somo wako alikuwa nani?" Usiulize zaidi. Mtu wa makamo yake hakumbuki ukimuuliza alijisikiaje, lakini ukimuuliza nani, atakwambia nani, wa mtaa upi, alikuwa na mwendo gani, na siku ile alikuja na nini mkononi. Huko ndiko filamu yako ya 42 iliko, na haihitaji flashi.

Akishazungumza, mwambie kwa adabu kwamba alizima kabla nyanya wa kwenye filamu hajafika. Maana ndivyo ilivyokuwa. Turning Red, aliyoiongoza Domee Shi mwaka 2022, ni kisa cha msichana wa miaka 13 mjini Toronto ambaye akipandwa na hasira au aibu hugeuka panda mkubwa mwekundu. Jambo hilo limerithiwa kwa wanawake wa ukoo wao. Nyanya yake anakuja na mashangazi, kila mmoja alishamfungia panda wake ndani ya kipambo. Na karibu na mwisho yule msichana anamkuta mama yake kwenye msitu wa mianzi, lakini mama amerudi kuwa kigoli, analia kwa sababu amemuumiza mama yake na anaona hatatosha kamwe mbele yake. Binti anamshika mkono anamwongoza njia. Nyanya, mama na mjukuu, kama nyinyi watatu hasa. Mkikatisha kwenye pedi mtadhani filamu ni ya pedi.

Na hapa nitakugombeza kidogo, kwa sababu kosa la Nyanya umelifanya na wewe. Umesema kina mama ni ukuta, ukampa Lady Bird tafi. Kweli ina miiba. Lakini umeitafuna kichwa ukaacha mnofu. Kumbuka pale mama na binti wako kwenye duka la mitumba wanatafuta gauni. Wanachapana maneno, huyu anauma huyu anarudisha, kisha mama anatoa gauni kwenye hanga na papo hapo wote wawili wanalipenda, ugomvi umekatika katikati ya sentensi. Nimeona hayo Langoni kwenye duka la vitambaa zaidi ya mara moja, na pengine mmoja wao nilikuwa mimi. Kumbuka pia kwenye uwanja wa ndege: mama amenuna, hashuki garini kumuaga, anaondoka, anazunguka na gari, machozi yanamtoka, anarudi mbio, na binti ameshaingia ndani. Kamera haikwenda na msichana, ilibaki na mama. Greta Gerwig, mwongozaji wake, alijua anachofanya. Na huko New York, jambo la mwisho binti analolifanya ni kupiga simu nyumbani. Kwa hiyo ule si mwisho wa kuondoka kama ulivyouandika. Mimi ningempa kolekole.

La miwani sina ubishi nalo. Dagaa.

Sasa lile neno la rafiki yako. Unataka nikwambie kwamba si kweli, na karibu niseme hivyo. Maana umeandika kwamba utakwenda Mombasa kusoma kisha urudi, na mtu mwoga haweki safari ndani ya ndoto yake. Rafiki yako naye anajitafutia ujasiri. Anayejiandaa kuondoka hupenda kusikia kwamba anayebaki ameshindwa, ndipo mzigo umpungukie. Mwambie, "Liliniuma," hivyo tu, wala usimpelekee daftari la hoja.

Ila una haki kulalamika kwamba filamu zimejaa vituo vya basi. Nyingi unazoziona zimetengenezwa Marekani, na kule mtoto akifika miaka 18 kwenda chuo mbali na nyumbani ndiyo alama yao ya kukua, kama ilivyokuwa kwetu kutolewa ndani. Wanasimulia desturi yao. Tafuta za watu wengine. Ipo Whale Rider ya mwaka 2002, ya Wamaori wa Nyuzilandi. Msichana anaitwa Pai. Pacha wake wa kiume alikufa siku waliyozaliwa, na babu yake, mkuu wa ukoo, alikuwa akimngoja yule wa kiume. Babu anawafundisha wavulana wa kijiji mila za uongozi, Pai anafukuzwa, anajifunza kwa siri kwa ami yake. Baba yake anaishi ng'ambo na anakuja kumchukua. Wako garini, wanaondoka kabisa, ule mwisho wako wa kioo na muziki, lakini hapa ni katikati ya filamu: Pai anatazama bahari, anamwambia baba arudishe gari. Anarudi kwa babu asiyemtaka. Kisha kuna siku ya hotuba shuleni, amemwandikia babu yake hotuba ya heshima, na kiti cha babu ki wazi. Anasema hivyo hivyo huku analia. Keisha Castle-Hughes aliyemwigiza alikuwa na miaka 13 alipopendekezwa kwa tuzo ya Oscar, na ukiona dakika zile utajua kwa nini. Wewe mtoto wa mtu wa bahari utaielewa kuliko mimi. Kubaki kwake kulimgharimu kuliko kuondoka.

Turudi kwa kasha. Usiazime simu nyingine, na hii uliyoniandikia irudishe leo. Usitazame kwa kujificha nyumbani kwa wenzio, Amu ni ndogo na vichochoro vina masikio. Mwombe Nyanya jambo moja: filamu moja, Ijumaa baada ya alasiri, mlango wazi, yeye amekaa, na rimoti anayo yeye. Mwahidi akitaka kuzima azime. Wadogo zako nao wakae pale anaposema yeye.

Anza na Wadjda, ya mwaka 2012, ya Haifaa al-Mansour. Ni filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote nchini Saudia. Mwongozaji ni mwanamke, na mitaani Riyadh hakuweza kusimama na wanaume kuwaelekeza, kwa hiyo alikaa ndani ya gari akawa anawatazama kwenye skrini na kuwaelekeza kwa redio ya mkononi. Wakati huo huko hakukuwa na majumba ya sinema. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Kisa chenyewe ni msichana anayetaka baiskeli ya kijani ashindane na mtoto wa jirani. Wasichana hawapandi baiskeli, anaambiwa. Pesa hana, basi anaingia kwenye mashindano ya Kurani ili apate zawadi. Zile sehemu za kusoma Kurani Nyanya hahitaji maandishi ya chini. Atamsahihisha msomaji, utaona. Pengine wewe umtafsirie kwa sauti ya chini, na hapo utakuwa una kazi, si mtazamaji tu. Ila jiandae, baba wa filamu anaoa mke wa pili. Mama yumo humo, na si ukuta. Patakuwa kimya ukumbini, kisha Nyanya atatoa maoni, na daftari lako halina samaki wa maoni hayo.

Ya pili iwe Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya hapa hapa Kenya, mwaka 2018. Ina Kiswahili kingi, Nyanya ataifuata. Mtoto mgonjwa asiyepona, Jo, anajiona shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu yake. Kaa na leso karibu, na usiiweke usiku wa siku ya hitima.

Eighth Grade iache kwanza, hata kama ni nguru wako. Kule Marekani iliwekewa daraja la R, maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima, na watu wakacheka kwamba wenyewe walioigizwa, wa miaka 13, hawawezi kwenda kujitazama peke yao. Lakini ina mazungumzo ya gari usiku ambayo hutaki kuyatafsiria nyanya yako. Lady Bird vilevile. Hizo subiri mama yako aje, mtazame wawili. Na kuhusu mama, mpigie kwa simu ya Nyanya, mbele ya Nyanya, umwambie siku ngapi kwa wiki utasoma na zipi unaomba. Akikataa, kubali. Mwaka mmoja haumalizi filamu duniani.

Jambo la mwisho ni hilo daftari. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa visiwa hivi vyetu, alikuwa ameugua mwaka mzima. Akamwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi wa kumfunza maisha. Yamo ya dini, yamo ya adabu, na yamo mengi ya kumtii mume ambayo najua utabishana nayo, na ubishane. Lakini binti yule, Mwana Hashima, sijapata kuona hata ubeti mmoja wa majibu yake. Kila nikiusoma namwona ameshika kalamu anaandika maneno ya mama, na ya kwake sijui aliyaweka wapi. Wewe yako unayaweka nyuma ya hesabu. Nunua daftari jingine, uyaweke mbele.

Ijumaa hiyo, weka kiti cha Nyanya karibu na taa apate kushona. Hataitazama TV mwanzoni, ataitazama kofia. Ukiona sindano imesimama, nyamaza.

Somo